Kuelekeza poti kwenye nyumba yenye modemu na ruta: kutoka faiba hadi DVR ya kamera

Kamera nne zimeshafungwa, DVR (kisanduku kinachorekodi picha za kamera) iko chini ya televisheni, na ukikaa sebuleni picha zinaonekana vizuri kwenye simu. Ukitoka getini ukawasha bando, programu inazunguka weee, kisha inasema kifaa hakipatikani. Hapo ndipo mtu huambiwa "fungua poti", yaani namba ya mlango ambao huduma fulani ndani ya kifaa inasikiliza. Anaingia kwenye ruta, anajaza namba, anahifadhi, na bado hakuna kitu. Mara nyingi namba alizojaza ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kati ya DVR na intaneti kuna milango miwili naye amefungua mmoja, au mlango wa mwisho si wake hata kidogo.

Mpangilio tunaoufuata hapa ni ule unaokutwa kwenye nyumba nyingi siku hizi. Mtoa huduma ameleta kisanduku cha faiba na kukipachika ukutani. Mafundi hukiita ONT, sisi tukiite modemu. Nyuma yake imechomekwa ruta ya kununua dukani ili Wi-Fi ifike vyumbani. DVR imechomekwa kwenye ruta hiyo. Kwa mfano wetu modemu ni Huawei yenye anwani 192.168.100.1, ruta ni TP-Link yenye 192.168.0.1, na DVR ni Hikvision inayosikiliza kwenye poti 8000. Vyako vikiwa vya kampuni nyingine, majina ya menyu yatatofautiana kidogo lakini kazi ni ileile.

Kwa nini simu iliyo nje haifiki ndani

Vifaa vyote vya nyumbani vinatoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP. Ruta ndiyo inayofanya mchezo huo, unaoitwa NAT: simu yako ikiomba ukurasa, ruta inaandika kwenye kumbukumbu yake nani kaomba, na jibu likirudi inajua limpelekee nani. Kinachotoka kinarudi bila shida. Lakini pakiti (kipande cha data) inayokuja kutoka nje bila kuitwa haimo kwenye kumbukumbu hiyo, na ruta inaitupa. Kuelekeza poti ni kuiachia ruta agizo la kudumu: chochote kitakachobisha kwenye poti hii, kipeleke kwenye anwani hii ya ndani.

Modemu nayo inafanya NAT. Kwa hiyo agizo la ruta peke yake halitoshi, kwa sababu pakiti inatupwa modemuni kabla hata ya kuiona ruta.

Hatua ya 1: hakikisha mlango wa nje ni wako

Usijaze fomu yoyote kabla ya hatua hii. Watu wanapoteza siku nzima kwa kuiruka.

Chomeka kompyuta kwenye modemu, au tumia Wi-Fi ya modemu yenyewe, fungua kivinjari uandike 192.168.100.1. Jina na nywila mara nyingi viko kwenye kibandiko chini ya kisanduku. Tafuta ukurasa wa hali, kwa kawaida "Status" kisha "WAN Information", uandike pembeni anwani ya IP unayoiona hapo. Kisha kwenye kompyuta hiyohiyo, VPN ikiwa imezimwa, andika kwenye Google "what is my ip" na ulinganishe.

Zikifanana, anwani ni yako na unaweza kuendelea. Ikiwa modemu inaonyesha anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, ile inayoitwa CGNAT. Fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ukiona 10., 192.168., au 172.16 hadi 172.31, hizo ni anwani za ndani tangu 1996 na hazisafiri kwenye intaneti, kwa hiyo jibu ni lilelile.

CGNAT ni kama nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa mbele ambao ufunguo wake anao mwenye nyumba. Unaweza kuacha mlango wa chumba chako wazi usiku kucha, mgeni bado ataishia barazani. Hakuna mpangilio wa ruta utakaoondoa hali hiyo. Zipo njia mbili tu. Ya kwanza ni kumpigia mtoa huduma na kuomba kwa maneno haya: "Naomba anwani ya IP ya umma, si ya CGNAT." Ukisema tu "nataka kufungua poti", huenda mhudumu akakuelekeza kuzima na kuwasha modemu. Anwani ya umma isiyobadilika huwa na malipo yake, na mara nyingi hupatikana kwenye vifurushi vya biashara. Njia ya pili ni kuachana na poti na kutumia mfumo ambao kifaa chenyewe ndicho kinachotoka kwenda kukutana na simu yako nje: kusajili DVR kwa msimbo wa QR kwenye Hik-Connect, au kuweka Tailscale au ZeroTier, programu za kuunda mtandao binafsi, kwenye kompyuta ya nyumbani inayobaki imewashwa. Ruta za laini ya simu, za 4G na 5G, karibu zote ziko nyuma ya CGNAT. Mwenye nazo aende moja kwa moja kwenye njia hizi.

Hatua ya 2: hesabu milango

Sasa rudi kwenye Wi-Fi ya ruta. Kwenye Windows fungua "Command Prompt", andika:

tracert -d 8.8.8.8

Tazama mistari ya mwanzo. Ukiona hivi:

1   192.168.0.1
2   192.168.100.1

maana yake ni milango miwili, ruta kisha modemu. Ukiona mmoja tu, modemu yako tayari inapitisha moja kwa moja au ruta haifanyi NAT, na kazi yako imepungua nusu. Mstari wa tatu ukiwa na anwani ya 10. usishtuke: hiyo inaweza kuwa mitambo ya ndani ya mtoa huduma. Hukumu ya CGNAT inatoka kwenye ulinganisho wa hatua ya 1 peke yake.

Na kuna balaa moja la kuangalia hapa. Modemu na ruta nyingi zote huja zikiwa na 192.168.1.1. Zikiunganishwa, pande zote mbili za ruta zinakuwa na mtandao wenye jina moja, na ruta haijui ipeleke wapi. Ruta mpya nyingine hugundua zikajibadilisha zenyewe. Za zamani hukaa kimya na intaneti inakatikakatika bila sababu inayoonekana. Badilisha anwani ya ndani ya ruta iwe 192.168.0.1 au 192.168.10.1 kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya 3: amua utapita njia gani

Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuifanya ruta isiwe ruta. TP-Link nyingi zina sehemu ya "Operation Mode". Ukichagua "Access Point", inabaki kutoa Wi-Fi na kugawa nyaya tu, modemu inagawa anwani kwa vifaa vyote, na poti inaelekezwa mara moja tu, kwenye modemu. Kama hutumii udhibiti wa watoto, mtandao wa wageni wenye mipaka au VPN ya ruta, chagua hii na uruke fomu ya ruta hapa chini. Vifaa vyako vitabadilisha anwani kuwa za 192.168.100.x, na utengaji wa anwani ya DVR utaufanya modemuni. Kanuni ya hatua ya 6 nayo itaelekea kwenye anwani ya DVR yenyewe, poti ya ndani 8000.

Kinyume chake ni kumwomba mtoa huduma aiweke modemu katika hali ya "Bridge". Hapo anwani ya umma inakuja hadi kwenye ruta yako. Utahitaji jina na nywila ya PPPoE kama laini yako inatumia PPPoE, mfumo wa kuingia kwa mtoa huduma kwa nywila, na simu ya mezani au televisheni inayopitia modemu hiyohiyo inaweza kuzimika. Usiibadilishe mwenyewe bila kuwa na nywila hizo mkononi, maana intaneti itakatika na hutakuwa na pa kuitafutia.

Ya tatu ni kuelekeza mara mbili: modemu ipeleke kwa ruta, ruta ipeleke kwa DVR. Watu wanaiogopa bure. Inafanya kazi vizuri na haihitaji kumwomba mtu, ndiyo maana tunaifuata hapa.

Hatua ya 4: zipe DVR na ruta anwani zisizohama

Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote vinaomba anwani upya kwa pamoja, na DVR iliyokuwa 192.168.0.103 inaweza kuamka 192.168.0.106. Kanuni ya poti bado inapeleka kwenye 103, ambako sasa kuna simu ya mtoto. Ukisikia mtu anasema "poti ilifanya kazi wiki moja ikafa", anza kuulizia hapa.

Kwenye ruta fungua "Advanced", "Network", "DHCP Server", kisha "Address Reservation". Chagua DVR kwenye orodha ya vifaa, au andika anwani yake ya MAC, yale makundi sita ya herufi na tarakimu yaliyoko kwenye kibandiko au kwenye menyu ya mtandao ya DVR. Itengee 192.168.0.150. Hifadhi, kisha zima na kuwasha DVR.

Kwenye modemu fanya vivyo hivyo kwa ajili ya ruta: MAC unayohitaji ni ya upande wa WAN wa ruta, si ile ya Wi-Fi, na mara nyingi zinapishana tarakimu ya mwisho tu. Itengee 192.168.100.2. Modemu ikikunyima ukurasa huo, ingia kwenye ruta, badilisha WAN kutoka "Dynamic IP" kwenda "Static IP", ujaze 192.168.100.2, kinyago cha mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, geti (gateway, anwani ya njia ya kutokea) 192.168.100.1 na DNS 8.8.8.8. Angalia kwanza kwamba 192.168.100.2 haijachukuliwa na kifaa kingine.

Mafundi wengi wa kamera hupenda kuandika anwani kwa mkono ndani ya DVR yenyewe. Si vibaya, ila hapo ndipo linapoingia kosa moja linalotesa sana. Fundi anajaza IP na kinyago, halafu sehemu ya "Default Gateway" anaiacha tupu, au inabaki na 192.168.1.1 iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Ukiwa ndani ya nyumba kila kitu kinafanya kazi, kwa sababu simu na DVR ziko mtandao mmoja na hazihitaji geti. Ukiwa nje, pakiti inaingia, inapita milango yote miwili, inafika kwenye DVR, na DVR inataka kujibu lakini haijui njia ya kutoka. Utarekebisha ruta hadi alfajiri na ruta haina kosa. Ukijaza kwa mkono, geti lazima liwe 192.168.0.1. Ukitumia utengaji wa anwani kwenye ruta, geti linajazwa lenyewe, na ndiyo sababu tunaupendelea.

Sasa thibitisha kwamba DVR inasikiliza. Kwenye kompyuta iliyo ndani ya Wi-Fi ya ruta fungua PowerShell, andika:

Test-NetConnection 192.168.0.150 -Port 8000

Unatafuta mstari wa mwisho useme TcpTestSucceeded : True. Ukisema False, rudi kwenye DVR. Kilichoshindikana ndani hakitawezekana nje.

Kabla ya kufungua: nywila na programu ya ndani (firmware) ya DVR

Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na DVR duniani kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, tovuti kubwa zikaanguka kwa saa kadhaa. Mwaka 2021 ikatangazwa dosari kwenye vifaa vingi vya Hikvision, yenye namba CVE-2021-36260, iliyomwezesha mtu kukitwaa kifaa bila hata kuijua nywila, kwa kupitia ukurasa wake wa wavuti. Kampuni ilitoa masahihisho, lakini DVR iliyofungwa zamani haijisasishi yenyewe.

Kwa hiyo fanya haya matatu kwanza. Weka nywila ndefu isiyotumika kwingine. Pakua programu mpya ya ndani ya modeli yako hasa, kutoka tovuti ya kampuni, uisakinishe umeme ukiwa wa uhakika, kwa maana ukikatika katikati DVR inaweza isiwake tena. Na usielekeze poti 80 wala 443 ya DVR. Programu ya simu inahitaji 8000 peke yake, kwa picha za moja kwa moja na za kurudia. Poti 554 ni ya wanaotaka kuona kamera kwa VLC na programu nyingine za RTSP, itifaki ya kurusha video. Kama huzitumii, iache. Kwa DVR za Dahua poti inayolingana na 8000 ni 37777 ya TCP. TCP na UDP ni itifaki mbili, yaani taratibu, za kusafirisha data.

Hatua ya 5: kanuni kwenye ruta

Ingia 192.168.0.1, fungua "Advanced", "NAT Forwarding", "Port Forwarding". Kwenye TP-Link za zamani ukurasa huo unaitwa "Virtual Servers". Bonyeza kuongeza, ujaze:

Jina la huduma: dvr
Anwani ya kifaa: 192.168.0.150
Poti ya nje: 48000
Poti ya ndani: 8000
Itifaki: TCP

Hifadhi, na uhakikishe alama ya kuwashwa ipo.

Poti ya nje ni ile utakayoiandika kwenye simu ukiwa mbali. Ya ndani ni ile ambayo DVR inaisikiliza. Si lazima zifanane. Tumechagua 48000 kwa sababu baadhi ya poti za chini zimeshachukuliwa na modemu yenyewe au zimezuiwa na mtoa huduma: 80 na 443 kwa ukurasa wa modemu, 7547 kwa mtoa huduma kuisimamia modemu kutoka mbali. Chagua yoyote kati ya 1024 na 65535 isiyotumika. Lakini usijidanganye kwamba namba ya ajabu ni ulinzi. Mashine zinazokagua intaneti hupitia poti zote, na 48000 itaonekana tu, ingawa kelele zitapungua.

Hatua ya 6: kanuni kwenye modemu

Kwenye Huawei fungua "Forward Rules", kisha "Port Mapping". Kama menyu hiyo haipo, akaunti uliyoingia nayo ni ya mtumiaji wa kawaida na mtoa huduma ameificha. Mwombe akuwekee kanuni hiyo au akufungulie.

Kwanza utaulizwa WAN. Orodha inaweza kuwa na majina mawili au matatu yanayofanana fanana, kama 1_TR069_R_VID_46 na 2_INTERNET_R_VID_100. Chagua lenye neno INTERNET. Lile la TR069 ni njia ya mtoa huduma kusimamia kisanduku, la VOIP ni la simu ya mezani, na ukiweka kanuni yako huko itahifadhiwa bila malalamiko na haitafanya kazi kamwe.

Kisha:

Kifaa cha ndani: 192.168.100.2
Itifaki: TCP
Poti ya nje, mwanzo na mwisho: 48000 na 48000
Poti ya ndani, mwanzo na mwisho: 48000 na 48000

Tulia kidogo kwenye mstari wa mwisho, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza. Modemu haiijui DVR. Inaijua ruta tu, na ruta inasubiri kwenye 48000. Ukiandika 8000 hapa, pakiti itabisha kwenye poti 8000 ya ruta ambayo haina agizo lolote, na itatupwa. Kila mlango unaongea na ule unaoufuata tu: nje 48000, modemu inapeleka 48000 kwa ruta, ruta inageuza kuwa 8000 na kuipa DVR.

Fomu ikiwa na sehemu ya anwani ya chanzo cha nje, na wewe huangalia kamera kutoka mahali pamoja penye IP isiyobadilika, tuseme ofisini, jaza anwani hiyo. Wengine wote duniani wataikuta poti imefungwa. Kwa anayetumia bando la simu haifai, kwani anwani yake hubadilika kila mara.

Hatua ya 7: jaribu kwa mpangilio, mlango mmoja mmoja

Usijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwa kuandika anwani ya umma. Ruta nyingi haziruhusu pakiti itoke na kugeuka kurudi kwa mlango uleule, kwa hiyo utaona imeshindikana wakati kwa walio nje inafanya kazi.

Anza katikati. Unganisha kompyuta kwenye modemu, kwa waya au Wi-Fi yake, uandike:

Test-NetConnection 192.168.100.2 -Port 48000

Jaribio hili ni la thamani kubwa. Likisema True, basi ruta, DVR na geti la DVR vyote viko sawa, na kosa lolote lililobaki liko modemuni au kwa mtoa huduma. Likisema False ilhali lile la ndani lilisema True, kosa ni kanuni ya ruta au geti la DVR. Dakika moja, na umeshajua usiguse nusu ipi.

Kisha, kwenye kompyuta ya nyumbani, fungua canyouseeme.org. Ukurasa wenyewe utaisoma anwani yako ya umma; wewe andika poti 48000. Jibu la kukataliwa, "refused", mara nyingi lina maana kwamba pakiti ilifika kwenye kifaa fulani na kifaa kikasema hakuna anayesikiliza hapa: angalia poti ya ndani. Jibu la muda kuisha, "timed out", lina maana kwamba ilipotelea njiani: mlango mmoja haujafunguliwa, au CGNAT, au DVR imezimwa au haina geti. Kurasa za aina hii hupima TCP tu. Poti ya UDP, kama ile ya VPN ya WireGuard, hazitaiona hata ikiwa wazi.

Mwisho weka kwenye programu ya simu: ongeza kifaa kwa IP au jina la kikoa, anwani ya umma, poti 48000, jina na nywila ya DVR. Usitumie akaunti ya admin. Tengeneza mtumiaji mwingine ndani ya DVR mwenye ruhusa ya kuangalia tu, ili simu ikiibiwa mwizi asiweze kufuta kumbukumbu za kamera.

Anwani ya umma inapobadilika

Kama hujalipia anwani ya kudumu, itabadilika siku modemu itakapozimika, pengine na kabla ya hapo. Dawa yake ni jina la DDNS, ambalo linafuata anwani popote inapoenda. DuckDNS ni ya bure. No-IP nayo ina jina la bure, ila unatakiwa kulithibitisha kila baada ya siku 30 kwa barua pepe, na ukisahau linazimwa.

Kwenye mpangilio wa milango miwili, angalia unaiweka wapi. Ruta ya TP-Link ina ukurasa wa "Dynamic DNS", lakini ruta hiyo inaona WAN yake kuwa 192.168.100.2 na inaweza kusajili hiyo, anwani isiyofikika na mtu yeyote nje. Weka DDNS kwenye modemu kama inayo, au endesha programu ndogo ya DuckDNS kwenye kompyuta inayobaki imewashwa. Huduma yenyewe itaitambua anwani ya umma kutoka kwenye ombi linapofika. Kisha lijaribu jina hilo kwa amri ya ping uone kama namba inayorudi ni ileile ambayo Google ilikuonyesha katika hatua ya 1.

UPnP, DMZ na poti za mambo mengine

Zima UPnP kwenye ruta na kwenye DVR. Kazi yake ni kuruhusu vifaa vijifungulie poti bila kukuuliza, na DVR nyingi zikiipata hufungua 80, 443, 554 na 8000 kwa mkupuo. DMZ nayo inapeleka poti zote kwa kifaa kimoja. Kuielekeza modemuni kwa 192.168.100.2 kunakubalika, kwa sababu ruta bado inachuja na hutalazimika kurudi modemuni kila unapoongeza kanuni. Kuielekeza kwa DVR ni kuiweka DVR barabarani.

Minecraft ya Java inatumia 25565 ya TCP, ya Bedrock 19132 ya UDP. Seva ikiwa kwenye kompyuta ya Windows, iruhusu pia kwenye Windows Firewall, na hakikisha mtandao wa nyumbani umewekwa "Private". Poti 3389 ya kuendesha kompyuta kutoka mbali usiielekeze kabisa, hata kwa siku moja. Inakaguliwa na wavamizi usiku na mchana.

Mwenye ruta ya TP-Link Archer yenye seva ya OpenVPN ndani yake ana njia bora kuliko yote tuliyoeleza. Washa seva hiyo, kwenye modemu elekeza 1194 ya UDP kwenda 192.168.100.2, na ruta yenyewe haihitaji kanuni yoyote kwa kuwa seva iko ndani yake. Ukiunganisha simu kwa VPN unakuwa kama umekaa sebuleni: DVR unaifungua kwa 192.168.0.150 na poti 8000, na hakuna kamera hata moja iliyo wazi kwa dunia. Faili la mipangilio litakalotoka kwenye ruta linaweza kuwa na anwani 192.168.100.2 kwenye mstari unaoanza na neno remote. Lifungue kwa kihariri cha maandishi, weka hapo jina lako la DDNS, kisha ndipo ulihamishie kwenye simu.

Ukimaliza, piga picha ya kurasa zote mbili za kanuni na za utengaji wa anwani. Fundi wa mtoa huduma akija kurekebisha laini na kuibonyeza modemu irudi hali ya kiwandani, kanuni ya modemu itafutika huku ya ruta ikibaki, na dalili itakuwa ileile ya mwanzo: ndani inaonekana, nje haionekani. Anza na jaribio la 192.168.100.2, likisema True nenda moja kwa moja modemuni.